Barua ya wazi: Kiwanda kiliuzwa, miaka yetu ikabaki getini

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,
Waheshimiwa Wabunge wa mkoa wa Dar es Salaam,
Tume ya Ushindani, pamoja na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

YAH: MIAKA YA MFANYAKAZI PALE BIASHARA INAPOUZWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mtanisamehe kwa mwanzo huu wa kikarani. Nimekuwa karani wa ghala kwa miaka mingi, na mkono umeshazoea.

Jumatatu moja ya Juni 2022 niliweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, getini, kwenye kiwanda cha vifungashio kando ya Barabara ya Nyerere, upande wa Vingunguti. Mashine ikalia kwa kukataa. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikarudia. Ikakataa tena. Nyuma yangu foleni ilishafika barabarani, na kila aliyejaribu alikataliwa vilevile. Mlinzi naye alikuwa mgeni, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Akasema kwa upole tu, "Kaka, nyie wa zamani wote piteni pale kwenye meza."

Kwenye meza palikuwa na rundo la karatasi, kalamu tatu zilizofungwa kwa kamba na kijana wa ofisi ya utumishi ambaye hatukumfahamu. Mkataba ulikuwa na kurasa sita, wote kwa Kiingereza. Ukishasaini unapewa namba mpya, unaingiza kidole upya, unaingia kazini. Mpaka siku ile namba yangu ilikuwa 0163, niliyopewa Machi 2011. Nikatoka pale nikiwa 0021. Wenzangu wakanitania kwamba nimepanda cheo, maana mwenye namba ndogo ndiye mkongwe. Tulicheka sana. Nilisaini nikiwa nacheka, na hilo linanikera hadi leo.

Habari za kuuzwa kwa kiwanda tulizipata kama zinavyopatikana Dar es Salaam, kwa madereva. Dereva wa lori alisikia kwa mpakiaji wa upande wa pili, mpakiaji alisikia kwa fundi aliyeitwa kukagua jenereta kwa niaba ya "tajiri mpya". Wiki mbili baadaye bango la getini likapakwa rangi nyeupe, na kwa kuwa walipaka mkono mmoja tu, jua likiwaka uliweza kuyasoma maandishi ya zamani chini ya yale mapya. Uongozi haukututangazia kitu. Tawi la chama cha wafanyakazi tulikuwa nalo, lakini mwenyekiti wake alikuwa kwenye foleni ile ile, watu watatu mbele yangu, akisubiri kalamu.

Niwe mkweli, tajiri mpya hakuwa mtu mbaya. Alileta mashine mbili mpya, akarekebisha vyoo, na mishahara ikawa inatoka tarehe 28 badala ya kusubiriwa mpaka tarehe 10. Pengine asingenunua, kiwanda kingefungwa kabisa. Kwa hiyo siandiki kupinga biashara kuuzwa. Biashara zitauzwa tu. Mwenye mali anazeeka, watoto wake hawataki kurithi, benki inamdai, au anapata bei nzuri akaona bora aende zake. Ninachowauliza ni jambo jingine kabisa: wakati mali inahama kutoka mkono huu kwenda ule, miaka ya mtu inakwenda wapi?

Mwezi Agosti 2023 tulipunguzwa watu 19. Safari hii utaratibu ulifuatwa, siwezi kudanganya. Tulipewa taarifa, tukaitwa kikao, tukaonyeshwa hesabu. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 390,000 kwa mwezi. Ukiugawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni 15,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 42, inasema kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima uliotumikiwa mfululizo, mwisho miaka 10. Mimi nilikuwa na miaka 12 na ushee. Kwa akili yangu ya ghala nikapiga: siku 70, mara 15,000, milioni moja na elfu hamsini. Karatasi niliyopewa ilisema laki moja na elfu tano. Siku 7. Mwaka mmoja mzima, kuanzia Juni 2022.

Nilidhani ni kosa la uchapaji, sifuri imedondoka. Karani ndiye huwaza hivyo kwanza. Nikaenda ofisi ya utumishi na kitambulisho changu cha zamani, kile cha 0163. Yule kijana alikiangalia pande zote mbili, akanirudishia, akasema, "Mzee wangu, hiki si cha kwetu."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na niliyoyasoma ndiyo yaliyonifanya niandike kwenu badala ya kumwandikia yeye.

Kifungu hicho cha 42 kina maneno mawili madogo ambayo mtu akisoma haraka anayapita. Kinazungumzia utumishi mfululizo kwa "mwajiri huyo". Kifungu cha 35 nacho kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule yule. Maneno hayo ni ya busara kabisa kwa mtu anayehama kazi kwa hiari yake. Sasa yaweke kwenye kiwanda kilichouzwa. Mtu hajahama. Anapanda daladala ile ile kutoka Gongo la Mboto, anasimama kwenye rafu zile zile, anahesabu mizigo ile ile. Aliyebadilika ni "mwajiri huyo". Na siku mwajiri alipobadilika, mtu wa miaka 11 akageuka mtoto wa siku moja mbele ya sheria, bila hata ule ulinzi wa miezi 6. Angefukuzwa Septemba 2022, asingekuwa na pa kushika.

Wakili mmoja wa msaada wa kisheria alinieleza kitu ambacho kila mfanyakazi wa jiji hili angepaswa kukijua kabla hajashika kalamu iliyofungwa kamba. Kuna kuuza namna mbili. Namna ya kwanza ni kuuza hisa. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, na anayenunua hisa zake anamchukua mtu huyo mzima pamoja na madeni yake, kesi zake na mikataba yake ya kazi. Mwajiri hajabadilika, kilichobadilika ni nani anakaa kiti cha mbele. Hapo mkataba mpya hauna kazi yoyote, na miaka inaendelea kuhesabiwa kama kawaida. Namna ya pili ni kuuza mali: mashine, magari, jengo, akiba ya ghala, pengine na jina. Kampuni ya zamani inabaki kama kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa. Hapo mwajiri amebadilika kweli. Na kwa kuwa sheria yetu haina kifungu kinachosema mkataba wa kazi unafuata biashara, kinachotakiwa ni mwajiri wa zamani awapunguze watu wake kwa utaratibu wa kifungu cha 38, yaani atoe taarifa mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, ashauriane na chama au na wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu na malipo, kisha alipe. Alipe kiinua mgongo, notisi ya siku 28 kwa mtu wa mshahara wa mwezi, na likizo ambayo haijaliwa. Baada ya hapo ndipo mfanyakazi akaanze upya kwa tajiri mpya akipenda.

Kwetu ilikuwa namna gani? Tuliuliza. Wa zamani hakupokea simu. Wa mpya alisema hayo ni mambo ya wanasheria. Mpaka leo nawaandikia sijui kama mwaka 2022 niliachishwa kazi au sikuachishwa, na hili si jambo dogo hata kidogo. Kama ilikuwa hisa, basi hesabu ya siku 7 ni makosa, natakiwa kulipwa siku 70. Kama ilikuwa mali, basi yule wa kwanza ndiye ninayemdai radhi na fedha, na mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 zangu ziliisha Julai 2022, wakati mimi nipo ghalani nahesabu maboksi na nina namba mpya. Niliachishwa kazi mwaka mzima kabla sijajua. Mtu anaweza kuomba kuongezewa muda, ndiyo, lakini aeleze kila siku aliyochelewa. Ningeeleza nini? Kwamba nilikuwa kazini?

Kuna mtakaosema, alisaini mwenyewe. Ni kweli nilisaini. Lakini jiwekeni pale mezani. Kifungu hicho hicho cha 42 kinasema anayepunguzwa, akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala kwa mwajiri wake au kwa mwajiri mwingine, hapati kiinua mgongo. Kwa hiyo aliyesaini alipoteza miaka yake kimyakimya, na ambaye asingesaini angeweza kuambiwa ameikataa kazi na akaipoteza miaka hiyo hiyo kwa kelele. Na kuhusu ile Kiingereza, kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya mkataba anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Tulielezwa, "Saini hapa, hapa na hapa."

Sasa niwaonyeshe kilichohama salama, mpate kuona kwamba kuhama kunawezekana. Mwenzangu wa idara ya uchapaji alikuwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Kiwanda kiliuzwa, bango likapakwa chokaa, namba yake ikabadilika, mashine ikasahau kidole chake. Makato ya mkopo hayakukosa hata mwezi mmoja. Juni alikatwa, Julai akakatwa. Benki haikuambiwa kwamba mkopo ule ulikuwa wa mwajiri wa zamani. Mkataba wetu wa hali bora, uliokuwa na nauli ya zamu ya usiku na ubani mtu akifiwa, huo ndio ulioambiwa hivyo. Mama mmoja wa kazini kwetu alifiwa na mume Agosti ya kwanza baada ya mauzo, tukachangishana sisi kwa sisi, na mama lishe wa getini akaongeza elfu kumi.

Huyo mama lishe nae ana daftari. Kila anayekula kwa mkopo ameandikwa humo kwa jina, tangu siku ya kwanza. Siku tulipopewa namba mpya kuna kijana mmoja alimtania kwamba madeni ya zamani yamefutwa kwa sababu sasa sisi ni watu wapya. Mama akamjibu huku anapakua, "Mwanangu, mimi sikumkopesha bango."

Halafu kuna NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Nilipoangalia taarifa yangu baada ya kupunguzwa, nikakuta miezi 9 ya mwisho ya tajiri wa zamani haipo. Hati za mshahara ninazo, makato yamo, fedha haikufika. Alikuwa anajua anauza, akawa anakusanya. Wa mpya anasema deni si lake, wa zamani simu haipatikani. Msione miezi 9 ni kitu kidogo. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, na fao la kukosa ajira linataka miezi 18. Kuna kijana wa kwetu aliyekuwa ameanza kazi mwaka 2021. Kwake miezi hiyo 9 ndiyo tofauti ya kupata fao na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya mfuko ina meno ya kudai malimbikizo, sibishi, lakini mkaguzi akifika anakuta bango jipya na kifuu kisicho na ofisi.

Waheshimiwa, Serikali yenyewe haikubali kutendewa hivi. Hisa za kampuni hazibadilishwi majina BRELA mpaka TRA iridhike kwamba kodi itokanayo na mauzo na ushuru wa stempu vimelipwa. Muungano wa makampuni unaozidi kiwango, ambacho mwaka 2017 kiliwekwa kuwa shilingi bilioni 3.5, haufanyiki mpaka Tume ya Ushindani iarifiwe na ichunguze kama soko litabaki na ushindani. Yaani mlango wa kuuzia upo, na walinzi wapo mlangoni, wanauliza maswali na wanapiga mihuri. Wanauliza kodi, wanauliza soko. Swali la watu walioko ndani ya jengo ndilo halimo kwenye fomu.

Nchi nyingine zimeliweka. Uganda, jirani yetu kabisa, Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2006 inasema biashara ikihamishwa yote au sehemu, mikataba ya wafanyakazi inahamia kwa anayepokea, moja kwa moja. Afrika Kusini wanayo kwenye kifungu cha 197 cha sheria yao ya mahusiano kazini ya mwaka 1995: mwajiri mpya anavaa viatu vya yule wa zamani, na utumishi haukatiki. Uingereza ndiyo yenye historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1940 Malodi wao, ambao enzi hizo ndio waliokuwa mahakama yao ya juu kabisa, waliamua, kwenye kesi ya mchimba makaa ya mawe, kwamba mfanyakazi hawezi kuhamishiwa kwa mwajiri mwingine bila ridhaa yake, kwa kuwa mtu si mzigo wa kuandikwa kwenye orodha ya mali. Neno zuri sana. Ila miaka ilivyokwenda wakaona ridhaa pekee haimsaidii mtu ambaye biashara imeuzwa yeye yumo ndani. Wakaweka kanuni mwaka 1981, wakizifuata zile za Ulaya za mwaka 1977, na kuziandika upya mwaka 2006: mkataba unahama na biashara, miaka inahama nao, kumfukuza mtu kwa sababu tu biashara imehama ni kosa, na wafanyakazi lazima waarifiwe kabla. Asipowaarifu, mwajiri anaweza kutozwa hadi mshahara wa wiki 13 kwa kila mtu. Na bado mfanyakazi akikataa kuhama, anaruhusiwa kukataa. Sisi tumebaki na ile hekima ya mwaka 1940, ridhaa ya mfanyakazi, na ridhaa yenyewe inachukuliwa getini saa moja asubuhi.

Najua hoja itakayoletwa, kwamba wawekezaji watakimbia. Kampala wananunua. Johannesburg wananunua. Mnunuzi makini anatuma watu wa hesabu wiki kadhaa kabla, wanakagua hati ya kiwanja, wanapima mafuta ya jenereta, wanahesabu hadi matairi ya akiba. Hawa niliwapokea mimi mwenyewe ghalani, nikawashikia tochi. Wakiuliza na kiinua mgongo cha watu 140 ni kiasi gani, ni hesabu ya nusu saa, wakaipunguza kwenye bei. Leo hawaiulizi kwa sababu hakuna anayewalazimisha, na punguzo hilo linalipwa na sisi. Na mara nyingine mnunuzi naye huumia. Yule wetu angejua kuhusu miezi 9 ya NSSF kabla ya kusaini, nina hakika angelia na bei.

Jiji hili lina kumbukumbu ya mwajiri kutoweka. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliokuwa reli, bandari, posta na ndege, mwajiri wao alivunjika mwaka 1977, na miaka ya elfu mbili bado walikuwa wakikaa chini barabarani katikati ya mji wakidai mafao yao, wengine wana mikongojo. Ile ilikuwa Jumuiya ya nchi tatu, yenye majengo na kumbukumbu. Kifuu cha Vingunguti kitadaiwa na nani?

Ninachoomba si kirefu. Mheshimiwa Waziri, ipeleke kwenye Baraza la Ushauri la Kazi, Uchumi na Jamii, halafu bungeni, tafsiri ya hayo maneno mawili: "mwajiri huyo" amhusishe na aliyeipokea biashara, iwe kwa hisa au kwa mali, ili tarehe ya kuajiriwa ibaki ile ile kwenye kiinua mgongo, likizo na ile miezi 6 ya kifungu cha 35. Mtu akisaini mkataba mpya getini, saini hiyo isiweze kufuta tarehe hiyo. Deni la mshahara na michango la kabla ya mauzo, muuzaji na mnunuzi wabebeshwe wote wawili, wao watajuana kwenye bei. Na siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi zianze kuhesabiwa siku mfanyakazi alipoarifiwa kwa maandishi kwamba biashara imeuzwa na imeuzwaje, siyo siku wanasheria walipopeana mikono hotelini.

BRELA na Tume ya Ushindani, kwenu ni karatasi moja tu iongezwe kwenye bahasha mnayopokea tayari: taarifa ya wafanyakazi, idadi yao, tarehe zao za kuajiriwa, uthibitisho wa NSSF kwamba hakuna deni, na uthibitisho kwamba waliarifiwa. Bila karatasi hiyo, muhuri usubiri. Kwa biashara ndogo zisizofika kiwango cha Tume, zile za karakana, hoteli za kulala wageni, mashine za kusaga na shule binafsi, afisa kazi wa eneo apewe taarifa hiyo. Huko ndiko watu wengi waliko, na ndiko wanakoambiwa kwa mdomo tu kwamba tajiri amebadilika. Deiwaka, yaani vibarua wa siku kwa siku, ambao hata mkataba wa kwanza hawakuupata, wanastahili barua yao peke yao. Siwezi kuwasemea kwa aya moja.

Wabunge wetu wa Dar es Salaam, nyie mnapita Barabara ya Nyerere mkielekea uwanja wa ndege. Foleni ikiwasimamisha Tazara au Vingunguti, angalieni mabango ya viwandani. Yaliyopakwa mkono mmoja yanasomeka yote mawili.

Nakala za hati zangu za mshahara, mikataba yote miwili na taarifa ya NSSF ninazo, nitazileta nikiitwa. Kitambulisho cha zamani pia ninacho.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Aliyekuwa karani wa ghala,
namba 0163, Machi 2011 hadi Juni 2022,
namba 0021, Juni 2022 hadi Agosti 2023.
Dar es Salaam.